Unga wa Mercyline

Fundi Okedi aliigeuza sketi ndani nje, akaupapasa upindo kwa kidole gumba, kisha akaiweka juu ya cherehani na kuvua miwani.

"Mama Mercy, hapa pameisha," alisema. "January nilifungua upande huu. Mwezi wa tatu nikafungua huu mwingine. Sasa nifungue nini? Hakuna kitambaa."

"Weka kiraka ubavuni."

"Kiraka kitaonekana."

"Wacha kionekane."

Mercyline alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono ameikunja kifuani. Alikuwa na umri wa miaka kumi na moja, na wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu yao kwenye benchi walikuwa wamekwisha kumpima kwa macho kabla fundi hajachukua utepe. Okedi alimzungushia utepe kiunoni, akaitaja nambari kwa sauti ya mnadi wa ng'ombe: "Thelathini na nane!" Mmoja wa wale wanawake akaguna. Mwenzake akasema, "Huyu kweli anakula. Mungu amewabariki."

Truphena, mama yake, alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, na tusimhukumu mapema. Katika mji mzima wa Malaba hakukuwa na mama mwingine aliyekuwa akiishi kwa unene wa mwanawe.

Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, mahali ambapo malori hupanga foleni yakingoja kuvuka kwenda Uganda. Aliuza unga wa uji: wimbi, mtama, soya, njugu na omena iliyosagwa pamoja, umefungwa kwenye mifuko ya kilo moja moja. Juu ya kibanda palikuwa na ubao uliochorwa na fundi wa mabango, ukionyesha msichana wa miaka sita mwenye mashavu yaliyofura na macho yaliyomezwa na kicheko. Chini yake maandishi mekundu yalisema UNGA WA MERCYLINE. Akina mama waliokuwa wakivuka kutoka upande wa pili walisimama, wakautazama ubao, wakamtazama mtoto mwenyewe ameketi kwenye kigoda, halafu wakamwita bibi kwa lugha ya kwao na kuuliza, "Nyabo, huyu anakunywa huu huu?" Truphena hakuhitaji kujibu. Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua mfuko.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Mumewe Levis, aliyekuwa utingo wa malori ya masafa marefu, alikufa kwa kifua kikuu miaka mitano iliyopita, na alikufa amekonda mpaka shati lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mpakani pale mtu akikonda hivyo, wazee bado hunong'ona jina la zamani la UKIMWI lililovuka kutoka ng'ambo: silimu. Truphena alipimwa mara tatu. Mtoto akapimwa. Hawakuwa na kitu. Lakini karatasi ya hospitali haitembei sokoni, mtoto hutembea. Kwa hiyo Truphena akamlisha Mercyline. Kila kijiko alichomwongeza kilikuwa jibu kwa wasengenyaji, na kila shavu lilikuwa cheti.

* * *

Shida iliingia kwa daftari. Mwalimu Emorut aliandika kwa kalamu nyekundu: Mzazi, tafadhali hakikisha mtoto anaoga vizuri, hasa shingo.

Truphena aliyasoma maneno hayo mara mbili, uso ukamwaka moto. Yeye, aliyemuogesha mtoto asubuhi na jioni, anaambiwa uchafu! Alimwita Mercyline uani, akamwinamisha juu ya karai. Kweli, nyuma ya shingo palikuwa na weusi mzito, umejikunja kama ukosi wa shati. Alipaka sabuni, akasugua kwa kitambaa. Weusi haukutoka. Akasugua kwa brashi ya nguo. Haukutoka. Mwishowe akachukua jiwe la kusugulia visigino.

"Mama, inauma."

"Nyamaza. Unataka waseme sisi ni wachafu?"

Mercyline alinyamaza. Alikuwa mtoto wa kunyamaza, na mtoto wa kunyamaza hudhaniwa hana neno. Truphena alisugua mpaka maji ya karai yakabadilika rangi, na alipoona ni damu, akalitupa jiwe.

Siku ya tatu kidonda kilikuwa kimevimba na kutoa usaha. Akafunga kibanda, akampeleka zahanati.

* * *

Muuguzi aliitwa Christine, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alifungua kitambaa, akatazama, akamgeukia Truphena.

"Nani amemuumiza mtoto hivi?"

"Ni mimi, sista. Nilikuwa natoa uchafu. Mwalimu aliandika."

"Huu si uchafu, mama. Hata ungesugua na msasa hautatoka. Hii ngozi inatuambia kitu kuhusu sukari."

Alimpandisha Mercyline kwenye mizani: kilo sabini na moja. Akawaambia warudi kesho yake kabla mtoto hajala chochote. Waliporudi, alimchoma kidole, akangoja kile kimashine kidogo kihesabu, kisha akavuta kiti karibu.

"Haijakuwa kisukari. Lakini imeshika kitasa cha mlango. Anacheza wapi huyu?"

"Acheze wapi?" Truphena alicheka kicheko kisicho na furaha. "Uwanja uliokuwa karibu nasi saa hii ni yadi ya malori. Barabarani ni foleni. Mwaka jana lori lilirudi nyuma likamkanyaga mtoto wa jirani yangu. Mimi wangu akitoka shule kama hayuko kwa kibanda, namfungia ndani na TV."

"Na akiwa ndani anakula nini?"

"Kile kiko karibu. Pale kwetu Eucabeth anakaanga chips, mandazi ziko, soda iko. Mboga ni mpaka nifunge kazi nipike, na mimi nafunga saa mbili."

"Na kwenu kuna mtu ana sukari?"

"Kwetu hapana. Kwa baba yake..." Truphena alisita. "Bibi yake huko Namboboto alikatwa kidole cha mguu. Walisema alidungwa na msumari."

Sista Christine aliuacha huo msumari upite. Aliandika. Halafu akaeleza polepole: soda iishe nyumbani, uji usitiwe sukari, mboga iwe nusu ya sahani, mtoto atembee kila siku mpaka atokwe na jasho. Baada ya miezi mitatu watapima tena. Sukari ikikataa kushuka, atawaandikia barua waende hospitali kubwa Busia waanze dawa, na dawa hizo huenda asiziache maisha yake yote.

Truphena alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali lake.

"Sista, hakuna dawa ya kushusha sukari peke yake? Mwili ubaki hivi hivi?"

Muuguzi alikaribia kucheka, lakini alipomtazama usoni aliona hatanii.

"Mbona unataka mwili ubaki?"

"Akikonda watasema."

"Watasema nini?"

"Wewe unakaa hapa hapa, sista. Unajua."

Christine alishusha kalamu. "Mama, siku hizi hata hao wenyewe wanakunywa dawa na wamenenepa kunishinda mimi. Hayo ni mambo ya zamani."

"Wewe unajua hivyo. Soko halijui," alisema Truphena, na machozi yakamtoka kabla hajayazuia.

Mercyline alikuwa ameketi pale pale, shingo imefungwa bandeji, akisikia kila neno.

* * *

Walianza kutembea asubuhi kando ya reli, kabla ya shule, wakati treni ya mizigo haijapita. Wiki ya kwanza Mercyline alisimama kila baada ya nguzo mbili akihema, na Truphena, ambaye alijiona mwepesi, akagundua kwamba na yeye anahema. Uji wa nyumbani ukapoteza sukari. Mtoto alikunywa kikombe chake kwa uso wa mtu anayekunywa muarobaini.

Haikuwa kazi ya mstari ulionyooka. Siku moja Truphena alikuta mandazi mbili ndani ya mkoba wa vitabu, zimefungwa kwenye karatasi ya mtihani. Aliinua mkono, kisha akaiona ile shingo, akaushusha.

"Kwani ugali haukukushibisha?"

"Ulinishibisha."

"Basi hizi ni za nini?"

Mercyline alizungusha kidole juu ya meza muda mrefu. "Mama, nikiogopa nasikia njaa. Nikiwa nimefungiwa ndani, na huko nje kunapigwa honi, nasikia njaa. Tangu baba aende."

Truphena alikumbuka siku ya mazishi, jinsi kila shangazi aliyemwona mtoto analia alimpa soda ili anyamaze, na jinsi yeye mwenyewe alivyofuata njia hiyo miaka mitano, kwa kuwa soda ni ya kufungua tu, na kumbembeleza mtoto kunahitaji nguvu ambazo jioni hakuwa amebaki nazo. Alijisikia vibaya mno. Siku iliyofuata alianza kufunga kibanda saa kumi na mbili, akaachia wengine wateja wa jioni.

Mwezi wa pili wa kutembea, Mercyline alirudi kutoka shuleni mbio, kitu ambacho Truphena hakuwa amekiona kwa miaka. "Mama! Nimeruka kamba mara kumi na nne! Walihesabu wao!" Sketi ilikuwa imefungwa kwa pini kubwa kiunoni. Kwenye mizani alikuwa amepungua kilo tano, halafu mwezi wa tatu ukaingia ikawa nane. Yakabaki majuma mawili wapimwe damu.

Bado alikuwa mtoto mnene, yeyote mwenye macho angeliona hilo. Lakini wateja hawakumlinganisha na watoto wengine. Walimlinganisha na ubao.

"Nyabo, mtoto wa kwa picha ni yupi?" aliuliza mama mmoja wa ng'ambo, mfuko wa unga tayari mkononi.

"Ni huyu."

Mama yule alitazama juu, akatazama chini, akatazama juu tena. Akaurudisha mfuko taratibu juu ya meza, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Nitapita nikirudi," alisema. Hakupita.

Walikuwa wengi waliosema watapita. Mifuko iliyokuwa ikiisha Jumatano sasa ilifika Jumapili, na wimbi likaanza kushika wadudu. Eucabeth, aliyekaanga chips kibanda cha pili na aliyempa Mercyline soda za bure tangu mtoto akiwa chekechea, alimsogelea Truphena akijifuta mafuta mikononi.

"Mama Mercy, usikasirike. Mimi ni rafiki yako. Huyu mtoto umempeleka kupimwa?"

"Nimempima. Ni sukari. Anapunguza."

"Sukari ni ya wazee, wewe. Mimi nasema kupimwa kule kwingine." Akashusha sauti, na sauti ya Eucabeth hata ikishushwa ilifika mpaka kwa madereva. "Watu wanaongea. Wanasema ilikuwa imelala, sasa imeamka."

* * *

Maneno yana miguu kuliko watu. Siku ya Alhamisi bibi yake Mercyline, Mama Zilpa, alishuka kutoka Namboboto na kuku mmoja kwapani. Alikuwa mwanamke mkubwa, mzito, anayetembea kwa kuupendelea mguu wa kulia. Hakuketi. Alimwita mjukuu, akambana shavu, akambana mkono, akamgeuza kama anayekagua hindi shambani.

"Mwanangu Levis alianza hivi hivi," alisema. "Mashavu kwanza."

"Mama, mtoto si mgonjwa. Tulipewa masharti na sista."

"Sista gani anaambia mtu anyime mtoto chakula? Nimezaa saba mimi. Mtoto mwenye afya unamjua kwa kumbeba, mgongo ukikataa."

"Mama, mguu unaendeleaje?"

"Mguu wangu umeingiaje hapa?"

"Walikukata kidole kwa sababu ya sukari. Haukuwa msumari. Na sukari hiyo ndiyo inamtafuta huyu."

Zilpa aliuvuta mguu nyuma, akaufunika kwa leso.  Kuku alilalamika kwapani mwake. Kisha mzee akapata sauti yake, na ilikuwa na makali.

"Usinitukane kwa nyumba ya mwanangu. Sikia, Truphena. Nitakaa kesho hapo kwa kibanda chako nione vile unamlisha. Nikiona ni haya mambo ya majani na maji, jioni naondoka na damu ya Levis. Ami zake wamekubali. Usifikiri nimekuja peke yangu na mdomo."

Truphena hakulala vizuri. Alijua kwamba huko Namboboto mtoto angepikiwa, angesifiwa, angepakuliwa mara tatu, na karatasi ya masharti ya Sista Christine ingetumika kuwashia moto.

* * *

Ijumaa ndiyo siku ya wateja wengi wa ng'ambo. Zilpa aliketi kwenye kigoda cha mtoto, fimbo magotini. Kufikia saa tisa na nusu alikuwa amemwona Truphena akiuza mfuko mmoja tu, na alikuwa amesikia, maana hakuwa kiziwi, wanawake wawili wakipita na kusema, "Ni kile kibanda cha mtoto aliyekonda." Eucabeth naye alikuwa amemletea chai na kumsimulia yaliyobaki.

Mercyline akatokea kutoka shuleni, ameshika sketi kwa mkono mmoja kwa kuwa pini ilikuwa imevunjika. Barabara yote ilimtazama, au ndivyo Truphena alivyoona: madereva, wachuuzi wa ndizi, mama aliyekuwa akichagua unga na sasa ameacha kuchagua. Zilpa alianza kuinuka.

Hapo ndipo Truphena aliposhindwa. Miezi mitatu ya kutembea kando ya reli, na akashindwa kwa dakika moja.

"Eucabeth!" aliita, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Nipe sahani ya chips. Kubwa! Na soseji. Na soda baridi, ya mtoto wangu!"

Alimkalisha Mercyline kwenye benchi la mbele, uso ukielekea barabarani, akamwekea sahani magotini. Chips zilikuwa zinang'aa mafuta. "Kula," alimwambia.

Mercyline alimtazama. "Mama, si sista alisema..."

"Kula, nimesema."

Mtoto akala. Hakula kwa uroho, wala hakula polepole. Alikula kama anavyoandika kazi ya darasani, kipande baada ya kipande, akiinua kila kimoja juu kidogo kabla ya kukitia mdomoni ili kionekane vizuri. Mama mteja akatabasamu. Eucabeth akasema, "Sasa hapo! Huyo ndiye Mercy wetu." Zilpa akakaa tena, akaitikia kwa kichwa. Mteja akachukua mfuko wa pili.

Sahani ilipofika nusu Mercyline aliacha kutafuna. Midomo ilikuwa inang'aa na macho yamejaa machozi yasiyodondoka. Akainama upande wa mama yake, akauliza kwa sauti ndogo, ya mtoto anayetaka kujua tu kama kazi imekwisha:

"Mama, wameniona? Naweza kuacha sasa?"

 Truphena akaelewa, na aliona aibu ya kuelewa akiwa amechelewa, kwamba mtoto huyu hakuwa anaula ule unga wala zile chips kwa njaa yake. Miaka yote mitano alikuwa akila hofu ya mama yake.

Aliichukua sahani. 

"Mwache amalize!" alisema Zilpa.

"Amemaliza, mama. Amemaliza kitambo." Akavuka mpaka kibanda cha pili, akamwekea Eucabeth sahani mbele yake. "Shika. Maliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye unahesabu kilo za watu. Na usimpe mtoto wangu soda tena, hata ya bure. Hasa ya bure." Akawageukia wengine, sauti ikikatika katikati. "Mtoto amekonda, ndiyo. Hajakondeshwa na ugonjwa. Nimemkondesha mimi, kwa miguu yangu, hapo kwa reli. Ukitaka unga, unga uko. Ukitaka kusema, sema nikiwa hapa."

 Mama mteja aliuweka chini mfuko wa pili, na baada ya kufikiri akauweka na wa kwanza, akaondoka. Truphena alimwona akiondoka na haikuwa rahisi.

Zilpa alikuwa amesimama, fimbo imekazwa mkononi. Alimtazama mjukuu aliyekuwa akifuta mafuta midomoni kwa upindo wa mkono wa shati. Alitazama mguu wake mwenyewe ndani ya kiatu kilichokatwa mbele ili usibanwe. "Nitawaambia ami zake nini mimi?" aliuliza, lakini hakuwa anamuuliza mtu.

"Waambie Alhamisi ya wiki ijayo tunapimwa," Truphena alijibu. "Wakitaka waje. Na wewe kuja."

 Mzee akakaa tena kwenye kigoda.

Truphena alimshika Mercyline mkono, wakapita kati ya malori mpaka kwa fundi Okedi, mtoto ameshikilia sketi isidondoke. Benchi lilikuwa limejaa. Wanawake wakageuza vichwa walipoingia.

"Nipunguzie hii sketi, fundi. Na toa hicho kiraka."

Okedi alichukua utepe. Alikuwa amesikia uvumi kama walivyosikia wote. Akamzungushia mtoto kiunoni kwa upole, kama anayemgusa mgonjwa, akasoma nambari, kisha akamwinamia Truphena sikioni.

"Fundi, kwani siku hizi unanong'ona?" Truphena alisema. "Zamani ulikuwa ukitaja mpaka Uganda inasikia. Taja."

Okedi alikohoa, akatazama benchi, akatazama utepe. Lakini kabla hajafungua mdomo Mercyline aliinamisha kichwa, akaisoma nambari mwenyewe pale kwenye kidole cha fundi, akainua uso kuwaelekea wanawake wa benchi.

"Thelathini na nne," alisema, kwa sauti kubwa.